William Byrd, mtunzi wa nyimbo za kanisa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanakuja sana kutoka kwa wanakwaya, hasa wale ambao kwaya zao zimeanza kujifunza wimbo wake Ave verum corpus wakataka kujua huyu mtu ni nani, kwa nini noti zake ziko hivyo, na ile habari ya kwamba aliimba Misa za kujificha ni kweli au ni hadithi. Ni kweli, na ndiyo maana nimeandika kirefu, maana ukishayajua maisha yake hata namna ya kuimba inabadilika.

Byrd ni nani hasa?

Ni Mwingereza, mtunzi na mpiga ogani, alizaliwa karibu na 1540 akafariki 4 Julai 1623, kwa hiyo aliishi miaka 80 na zaidi. Kazi zake tulizonazo ni kama 470 hivi: misa, nyimbo za Kilatini, nyimbo za Kiingereza za ibada, muziki wa kinanda, muziki wa vinanda vya nyuzi. Lakini kitu kinachomfanya awe wa pekee kwangu mimi ni hiki hapa: alikuwa Mkatoliki kwenye nchi ambayo kusali Misa ya Kikatoliki lilikuwa kosa la jinai, na huku mshahara wake unatoka kwenye kanisa la malkia yule yule ambaye serikali yake ilikuwa inawanyonga mapadre. Aliishi hivyo zaidi ya miaka 50 na hakuiacha imani yake wala hakuacha kazi.

Alikulia wapi, na nani alimfundisha?

London. Tunajua kaka zake wawili, Symond na John, waliimba kwenye kwaya ya watoto ya kanisa kuu la St Paul's. Mwalimu wake William ni Thomas Tallis, na hapa inabidi uelewe Tallis alikuwa mtu wa namna gani, maana yule mzee alitumikia watawala wanne mfululizo, Henry wa Nane, Edward wa Sita, Mary na Elizabeth, na kila mmoja alikuwa na msimamo wake kuhusu dini. Fikiria mtoto wa kwaya wa miaka hiyo: amezaliwa Misa ni Kilatini, akiwa na miaka tisa hivi, 1549, kinakuja kitabu cha sala cha Kiingereza, 1553 anaingia Malkia Mary Kilatini kinarudi, 1559 Elizabeth ameshika kiti na Kiingereza kinarudi tena safari hii jumla. Nyimbo ulizokariri mwaka huu mwakani ni marufuku. Byrd alipita humo akiwa mdogo, kwa hiyo hakuna mtu wa kumwambia kwamba muziki wa kanisa hauhusiani na siasa.

Kazi ya kwanza alipata wapi?

Kanisa kuu la Lincoln, 1563, akiwa na miaka 23 hivi, mpiga ogani na mwalimu wa watoto wa kwaya. Alilipwa vizuri kuliko waliomtangulia. Huko ndiko alikomuoa Juliana Birley Septemba 1568. Mwaka uliofuata wakubwa wa kanisa wakamsimamishia mshahara kwa muda, na inaelekea shida ilikuwa ni ogani, maana baadaye wakamwekea maagizo kwamba aipige kwa kiasi, kuwapa tu waimbaji sauti ya kuanzia. Kulikuwa na Waprotestanti wakali walioona ogani ni mabaki ya Ukatoliki. Hata hivyo hawakuachana kwa ubaya, kwa sababu alipohamia London kanisa la Lincoln liliendelea kumlipa kidogo kwa miaka kadhaa kwa sharti awe anawatumia nyimbo.

London alikwenda kufanya nini?

Kuimba na kupiga ogani Chapel Royal, yaani kwaya ya malkia mwenyewe, ile inayomfuata popote kasri lake lilipo. Mpaka kufikia 1572 alishakuwa huko, akichukua nafasi ya Robert Parsons aliyekufa maji kwenye mto Trent. Waimbaji watu wazima wote wanaume, sauti za juu wanaimba watoto wa kiume 12. Kwa mwanamuziki wa Uingereza wakati ule hakukuwa na kazi ya juu kuliko hiyo.

Ile leseni ya uchapaji ya 1575 ilikuwa nini?

Malkia Elizabeth aliwapa Byrd na Tallis haki ya peke yao ya kuchapa muziki Uingereza kwa miaka 21, pamoja na biashara ya karatasi zenye mistari ya noti. Mtu mwingine yeyote akitaka kuchapa noti lazima apite kwao. Mwaka huo huo wakatoa kitabu cha kwanza, nyimbo takatifu za Kilatini 34, kila mmoja akachangia 17, wakamtolea malkia aliyekuwa kwenye mwaka wa 17 wa utawala wake, hesabu imepangwa vizuri kabisa hapo. Ila kitabu hakikuuzika. 1577 wakamwandikia malkia barua ya kuomba msaada wakieleza kwamba Tallis amezeeka sana na leseni yenyewe imewatia hasara ya zaidi ya pauni 130, malkia akawapa mashamba ya kukodi ili wapate kipato. Tallis alifariki 1585, Byrd akamtungia wimbo wa maombolezo unaosema Tallis amekufa na muziki umekufa. Mtoto wake Byrd, Thomas, alipewa jina la huyo mzee, na Tallis ndiye alikuwa baba yake wa ubatizo.

Mkatoliki aliwezaje kukaa kwenye kwaya ya malkia Mprotestanti?

Hili ndilo swali kubwa, kaa nalo kidogo.

Kwanza sheria zilikuwaje. Tangu 1559 mtu mzima asipoonekana kanisani Jumapili (kanisa la serikali) faini ni peni 12. 1581 wakapandisha faini mpaka pauni 20 kwa mwezi, na hiyo hela ilikuwa inazidi mshahara wa mwaka mzima aliokuwa analipwa Byrd pale Lincoln, ndiyo uone ukali wake. 1585 ikaja sheria nyingine kwamba padre yeyote aliyepadrishwa ng'ambo tangu Elizabeth ashike kiti akikutwa nchini ni mhaini, na anayemhifadhi nyumbani naye ananyongwa. Hazikuwa sheria za kwenye makaratasi tu. Margaret Clitherow, mke wa mchinja nyama kule York, alikufa 1586 kwa kulaliwa na mawe baada ya kukataa kujibu mashtaka ya kuhifadhi mapadre. Anne Line alinyongwa 1601 kwa kosa hilo hilo.

Sasa familia ya Byrd. Walikuwa wanaishi Harlington, magharibi mwa London, na kuanzia 1577 Juliana anatajwa kwenye orodha za wasiokwenda kanisani. Mke ndiye alianza kuandikwa kabla ya mume, na mimi huwa nasema tukimsifia Byrd tusimsahau huyu mama, kwa sababu yeye hakuwa na kazi ya malkia ya kumkinga. Baadaye Byrd mwenyewe anaandikwa, nyumba inapekuliwa, anawekewa dhamana ya pesa nyingi, anatozwa. Halafu 1592 kesi yake inasimamishwa kwa amri ya malkia.

Kwa nini malkia alimlinda? Elizabeth alipenda muziki kweli, alikuwa anapiga kinanda mwenyewe, na alijua hana mtunzi mwingine wa kiwango kile. Halafu Byrd hakuwa mpanga njama. Alimtii malkia kwenye mambo ya nchi na alimkatalia kwenye jambo moja tu, la imani. Pia alikuwa na watu wakubwa nyuma yake, mfano Earl wa Worcester ambaye Byrd alimtolea kitabu chake cha nyimbo cha 1589, na Lord Lumley ambaye alimtolea cha 1591. Wapo wanaomhukumu kwamba alikuwa anacheza pande mbili. Mimi sikubaliani nao, mtu wa pande mbili angekwenda tu kanisani Jumapili akaokoa hela zake, wengi sana walifanya hivyo, na yeye hakufanya.

Kwa hiyo Waanglikana nao aliwatungia?

Ndiyo, na hakuwapa makapi. Kuna Great Service, ibada nzima ya asubuhi na jioni kwa Kiingereza ya sauti 10, ni kubwa na inang'aa. Kuna Sing joyfully ya sauti sita iliyoimbwa 1605 kwenye ubatizo wa binti wa Mfalme James. Hizi nyimbo hazikuacha kuimbwa kwenye makanisa makuu ya Kianglikana, na ndizo zilizoweka jina lake hai wakati misa zake za Kilatini zimelala kwenye makabati karne na karne.

Nasikia alikuwa anaficha ujumbe kwenye nyimbo. Ni kweli?

Kuficha si neno lenyewe sana, kwa sababu aliyekuwa na masikio alisikia. Alichokuwa anafanya ni kuchagua maneno ya Biblia. Hakuna anayeweza kukushtaki kwa kuimba zaburi, lakini zaburi gani umeichagua na umeichagua mwaka gani, hapo ndipo kazi ilipo.

Chukua habari ya Edmund Campion, Mjesuti, msomi wa Oxford aliyenyongwa na kukatwakatwa pale Tyburn 1 Desemba 1581. Kijana mmoja anaitwa Henry Walpole alikuwepo akaandika shairi la kumuomboleza, na lile shairi likapigwa marufuku mpaka aliyelisambaza akakatwa masikio. Byrd akalitungia muziki. 1588 akalichapa kabisa kwenye kitabu chenye jina lake, akaweka ubeti wa kwanza na kuacha zile beti zinazomtaja Campion, na kila Mkatoliki aliyefungua ule ukurasa alijua zinazofuata. Wengi wanaona hata Deus venerunt gentes ni ya Campion, ile zaburi inayolia kwamba mataifa wameingia urithi wa Mungu na miili ya watumishi wake imetupwa iliwe na ndege. Mabaki ya Campion yalikuwa yametundikwa hadharani, sasa msikilizaji ataelewa nini zaidi ya hapo?

Halafu kuna hii ya Philippe de Monte, kwangu ndiyo inagusa kuliko zote. Huyu alikuwa mtunzi mkuu wa mfalme wa Dola Takatifu la Roma, na alishafika Uingereza miaka ya 1550. 1583 akamtumia Byrd wimbo wa sauti nane kutoka zaburi ya 137, kando ya mito ya Babeli tuliketi tukalia, na ndani yake lile swali: "Tuuimbeje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni?" Mwaka uliofuata Byrd akajibu kwa sauti nane vile vile, akaanza na hilo hilo swali, Quomodo cantabimus, akaendelea na mistari inayofuata, nikikusahau wewe Yerusalemu. Ndani yake ameweka sauti tatu zinazofuatana kwa hesabu kali, moja ikiwa imegeuzwa juu chini. Yaani rafiki anakuuliza mnaimbaje katika hali hiyo, na wewe unamjibu kwa kuimba kitu kigumu kuliko alichokutumia.

Zile Misa tatu zina habari gani?

Misa ya sauti nne, ya sauti tatu na ya sauti tano, zilichapwa kati ya 1592 na 1595. Tangu Elizabeth ashike kiti hakuna mtu alikuwa amechapa Misa Uingereza. Byrd akazichapa kupitia Thomas East, ila vitabu havina jalada la jina, havina mwaka, havina jina la mchapaji. Ni vijitabu vyembamba, kila mwimbaji na chake chenye sauti yake tu, vile ambavyo unaweza kukificha haraka watu wakigonga mlango. Lakini jina la W. Byrd limo, kwenye kurasa zenyewe, hakulitoa. Miaka tunaijua kwa sababu watafiti waliangalia vile vibao vya herufi kubwa za urembo za mchapaji, kadiri vilivyotumika vilikuwa vinapata nyufa na kuchakaa, wakalinganisha na vitabu vingine vya East vyenye tarehe ndipo wakapata ipi ilitangulia: ya nne kwanza, kisha tatu, kisha tano.

Mimi ya sauti nne ndiyo yangu. Mwanakondoo yake inaanza na sauti mbili tu, soprano na alto, ya pili inaimbwa na sauti tatu, ya tatu wote wanne wanaingia, na wakifika dona nobis pacem, utujalie amani, kila sauti inang'ang'ania noti yake wakati nyingine zimeshasogea, inauma, halafu inashuka, kabla haijatulia nyingine inauma tena, hivyo hivyo mlolongo mrefu mpaka mwisho kabisa ndipo inakuja kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya utulivu. Walioomba amani hapo walikuwa wanaihitaji wiki hiyo hiyo.

Na kwenye Nasadiki angalia anavyofanya akifika pale kwenye Kanisa moja, takatifu, katoliki na la mitume. Watunzi wengi wa wakati wake wanapapita haraka kwa sababu maneno ya Nasadiki ni mengi, yeye anapasimamia.

Misa za siri zilikuwaje, na nani waliimba?

Zilifanyika kwenye nyumba za matajiri Wakatoliki vijijini. Padre anafika amevaa kama mfanyabiashara au mgeni wa kawaida, kuna shimo la kujificha limeshatengenezwa kwenye ukuta au chini ya sakafu, fundi maarufu wa hayo mashimo ni Nicholas Owen ambaye aliteswa mpaka akafa kwenye Mnara wa London 1606 na hakusema kitu. Julai 1586 Byrd alikuwa kwenye nyumba ya Richard Bold kule Buckinghamshire pamoja na Wajesuti Henry Garnet na Robert Southwell waliokuwa ndiyo wameingia nchini. Padre William Weston aliyekuwepo ameacha maandishi kwamba mwenye nyumba alikuwa stadi wa muziki, ana ogani na vyombo vingine, na ana waimbaji wa kiume na wa kike kutoka watu wa nyumbani kwake, wakaimba Misa siku kadhaa mfululizo. Southwell alinyongwa 1595, Garnet 1606.

Umeona hapo, wanaume kwa wanawake. Kule Chapel Royal mwanamke haimbi, lakini kwenye Misa hizi za nyumbani sauti ya kwanza iliimbwa na mama wa nyumba, binti yake, pengine na mtumishi, kwa hiyo kwaya ya parokia yenye kina mama inapoimba Byrd haiko mbali hata kidogo na walioimba mwanzo.

Karibu 1594 Byrd akahamia Stondon Massey, Essex, ili awe jirani na familia ya Petre waliokuwa na nyumba pale Ingatestone na Thorndon. Ingatestone Hall bado ipo mpaka leo na mashimo yake mawili ya mapadre. Padre John Payne aliyekuwa anakaa hapo alinyongwa 1582. Huyo Payne, Campion, Southwell, Owen, Clitherow, Line na Walpole mwenyewe wote walitangazwa watakatifu 1970 na Papa Paulo wa Sita, papa huyo huyo aliyewatangaza mashahidi wetu wa Uganda 1964.

Gradualia ni kitu gani?

Ndiyo kazi yake kubwa ya uzeeni, vitabu viwili, 1605 na 1607, jumla vipande 109. Misa ina sehemu zisizobadilika, Utukufu, Nasadiki na nyinginezo, halafu ina zinazobadilika kila sikukuu: wimbo wa mwanzo, wa katikati, aleluya, wa matoleo, wa komunyo. Byrd alitunga hizi zinazobadilika za mwaka mzima: sikukuu za Bikira Maria, Watakatifu Wote, Mwili wa Kristo, Noeli, Epifania, Pasaka, Kupaa, Pentekoste, Petro na Paulo. Vipande vingi vinatumika mahali zaidi ya pamoja, kwa hiyo mwalimu wa kwaya lazima akae apange leo tunatoka hiki tunarukia kile. Ukivisikiliza vingi ni vifupi, dakika mbili tatu, vinafaa chumba na waimbaji wachache na padre ambaye pengine inabidi aondoke kabla hakujapambazuka.

Kwenye utangulizi wa 1605 anaeleza kwamba maneno matakatifu yana nguvu fulani iliyofichika, kwamba mtu akiyatafakari kwa dhati noti zinazofaa zinamjia zenyewe. Cha 1607 alimtolea Lord Petre, akisema nyimbo hizi nyingi zimetoka nyumbani kwake, kama maua yaliyochumwa kwenye bustani yake na sasa anarudishiwa kama zaka.

Ni kweli mtu alifungwa kwa kukutwa na kitabu hicho?

Ndiyo. 1605 Mfaransa anayeitwa Charles de Ligny alikamatwa kwenye nyumba ya wageni akapelekwa jela ya Newgate, na sababu iliyotolewa ni vitabu vya kipapa vilivyoandikwa na William Byrd. Mwaka huo huo Novemba ikagundulika ile njama ya baruti, Wakatoliki wachache walitaka kulilipua bunge na mfalme akiwemo, na baada ya hapo kila Mkatoliki akawa anaangaliwa kwa jicho baya. Gradualia ikapotea machoni pa watu kwa muda, ikatolewa tena 1610.

Ave verum corpus ina nini mpaka watu wanaipenda hivyo?

Imo kwenye Gradualia ya 1605, sauti nne, ni dakika nne hivi, na maneno ni sala ya kusalimu Ekaristi: salamu mwili wa kweli uliozaliwa na Bikira Maria. Sasa tazama mwanzo kabisa. Kwenye nakala za ufunguo wa G ndogo soprano inatua kwenye F iliyopandishwa, na kodi inayofuata besi anaingia na F ya kawaida. Hizo noti mbili zinagongana masikioni. Wanakwaya wengi wakisoma mara ya kwanza wanadhani ni kosa la uchapaji na besi anajaribu kuirekebisha, tafadhali usiirekebishe, ndivyo alivyoandika. Na mgongano umeangukia neno gani? Verum. Wa kweli. Ugomvi mkubwa wa karne ile kati ya Wakatoliki na Waprotestanti ulikuwa ni hapo, kama mwili uliopo kwenye Ekaristi ni wa kweli au la, watu walichomwa na kunyongwa kwa ajili ya jibu, na Byrd anaweka noti kali kuliko zote za mstari ule juu ya neno hilo hilo.

Halafu O dulcis, o pie. Soprano anaita peke yake, wengine watatu wanajibu. Kisha miserere mei, unihurumie, ambayo haimo kwenye baadhi ya nakala za sala hii. Kipande chote kuanzia O dulcis kinarudiwa. Kosa ninalolisikia mara nyingi ni kwaya kuimba marudio kwa nguvu ile ile kama mara ya kwanza, au kukimbia kwa sababu wimbo ni mfupi na komunyo bado ni ndefu. Mara ya pili punguzeni sauti, na zile mei zipewe muda wake wote.

Alifundisha nani?

Thomas Morley alikuwa mwanafunzi wake na alimheshimu sana, Thomas Tomkins vile vile. Kwenye kitabu chake cha 1588 Byrd aliorodhesha sababu za kwa nini kila mtu ajifunze kuimba, akiwemo hili kwamba kuimba kunajenga kifua na pumzi, na kwamba hakuna ala inayofikia sauti ya binadamu iliyofundishwa vizuri.

Nani zaidi, yeye au Palestrina?

Huwa sipendi mashindano haya. Palestrina, mtunzi mwenzake wa Kikatoliki, alifanya kazi Roma, mapapa wakiwa jirani, makanisa makubwa na waimbaji wa kulipwa, na muziki wake umetulia kama mtu aliye kwake. Byrd ana kona kali zaidi na maneno anayashika kwa karibu zaidi. Jifunzeni wote wawili.

Alikufaje, na kaburi liko wapi?

Alifia Stondon Massey. Kwenye daftari la Chapel Royal waliandika kifo chake wakamwita Baba wa Muziki, na hapo hawajawahi kumwandikia mtu mwingine hivyo. Kwenye wosia wake wa Novemba 1622 anaomba aishi na afe akiwa mwana kamili wa Kanisa Katoliki, na azikwe parokiani pale Stondon karibu na mke wake. Kaburi lenyewe halina alama. Miaka mingi ya uzee wake alikuwa ametengwa rasmi na kanisa la serikali kwa kukataa kuhudhuria, na bado daftari la kwaya ya mfalme likamwandikia heshima ile.

Muziki wake bado unaimbwa?

Sana. 6 Mei 2023 kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Tatu pale Westminster Abbey waliimba Utukufu kutoka Misa ya sauti nne, na mwaka huo ilikuwa miaka 400 tangu afariki. Misa iliyochapwa bila jalada kwa kuogopa serikali imeimbwa mbele ya mfalme na dunia nzima inaangalia.

Kwaya yetu ya parokia ianze na nini?

Anzeni na Ave verum, halafu Mwanakondoo ya Misa ya sauti nne, halafu Bwana Utuhurumie ya Misa ya sauti tatu ambayo ni fupi mno na inafaa hata mkiwa watu sita. Noti zinapatikana bure kwenye tovuti ya CPDL (Choral Public Domain Library, maktaba ya noti za kwaya), ila kuna nakala nyingi za wimbo mmoja kwenye funguo tofauti, chagueni ile ambayo waimbaji wenu wa tena (sauti ya juu ya wanaume) hawatapasua koo, maana sauti za katikati za Byrd zinapanda. Wenye kusoma sol-fa mwalimu atawaandikia, ila awe mwangalifu na zile noti zinazopandishwa na kushushwa ndani ya mstari mmoja, hapo ndipo nakala nyingi za mkono huharibika.

Msipige kinanda mkishazoea. Pumzi zifuate maneno, kwa hiyo kila mtu ajue Kilatini anachoimba kina maana gani, neno kwa neno, kabla ya kushika noti. Na msijazane. Wanne wanne kila sauti wanatosha kabisa, hata wawili wawili kama wanasikilizana.

Nakala za kuchapa ziko wapi kwa ukubwa mmoja kwa kwaya nzima?

Hizo hizo za CPDL zinatoka kwenye karatasi ya A4, Ave verum ni kurasa chache tu, printi pande zote mbili na mtu mmoja mwenye macho makali alinganishe na nakala ya kwanza kabla hamjagawa.